Mhudumu wa dharura afundishwe kuhoji

Mtu huokotwa usiku kando ya barabara, jasho likimtiririka, maneno yake hayaeleweki, naye ananuka pombe. Waliomleta hospitali wamekwisha kata shauri: huyu ni mlevi. Mhudumu akilipokea shauri hilo kama lilivyo, mgonjwa atalazwa kwenye benchi mpaka pombe imtoke. Kumbe huenda sukari imemshuka mwilini, jambo ambalo tone moja la damu ya kidole lingelifichua mara moja. Au huenda damu inavuja ndani ya fuvu.

Makosa ya namna hii hayatokani na uvivu peke yake. Penye wagonjwa wengi na wahudumu wachache, akili hulishika jibu la kwanza isiliachie. Mtoto mwenye homa na degedege huhesabiwa kuwa ana malaria tu, na homa ya uti wa mgongo ikasahauliwa. Mwanamke aliyezimia kwa maumivu ya tumbo haulizwi kama amekosa siku zake, ilhali mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi yaweza kumwua kwa saa chache.

Taifa halikulala. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya msingi ya huduma hiyo, yaliyokuwa yamejaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia. Humo mhudumu hufundishwa kukagua kwanza njia ya hewa, kisha upumuaji, mzunguko wa damu na fahamu, halafu mwili mzima, kabla ya kuupa ugonjwa jina. Ni kinga njema, ingawa orodha haifikiri kwa niaba ya mtu.

Linalobaki, nalo ndilo zito, ni ubwana kazini. Muuguzi aliyeona mboni za mgonjwa hazilingani hunyamaza kwa kuwa mkubwa amekwisha sema. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiburi na dharau ya viongozi. Chumba cha dharura nacho ni mahali pa kazi.

Waganga wakuu wa wilaya hawana budi kuitisha kikao kila mgonjwa wa dharura anapofariki au kunusurika chupuchupu, dereva wa gari la wagonjwa akiwamo, ili ichunguzwe nini kilidhaniwa na kwa nini, si nani aadhibiwe. Vyuo navyo vipunguze mitihani ya kukariri. Na vipimo vya sukari visikosekane katika chumba cha dharura, hata usiku.