Kona ya mwalimu: Tushuke kwenye bata

Juma hili ninawaletea kazi ya wachoraji wa mbali, lakini inawahusu hasa wale kati yetu ambao hawakupata bahati ya kuketi masomoni.

Katika mji wa Mexico, kule Meksiko, metro, yaani treni inayopita chini ya udongo, ilifunguliwa mwaka 1969. Wakati ule watu wengi walikuwa hawajui kusoma. Mchoraji Mwamerika Lance Wyman, ambaye alikuwa amefanya kazi ya alama za Michezo ya Olimpiki ya 1968 mjini humo, alichora alama za metro pamoja na wenzake. Kila kituo kikapata jina na picha yake.

Hawakuchora ovyo. Chapultepec ni jina la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa kale, na maana yake ni kilima cha panzi. Basi picha yake ni panzi. Merced, penye soko kubwa, ni kasha la pome. Candelaria ni bata, kwani zamani eneo lile lilikuwa la maji na bata. Walipochimba kituo cha Pino Suárez walikuta hekalu dogo la Waazteki. Lipo hadi leo ndani ya kituo, na ndilo alama yake. Mama mwenye kikapu chake anaweza kumwambia mtoto, "Tushuke kwenye bata," na hakuna wa kumcheka, maana hata profesa anamtazama bata yuleyule.

Sasa linganisheni na bango nililoliona kwenye kituo kimoja cha afya: mistari mingi ya Kifaransa kwa herufi ndogo, na pembeni picha ya mama anayetabasamu. Picha ile haisemi kitu. Ukiiondoa, hakuna kinachopungua. Kinyozi wa kartie anayechora kichwa na mkasi ukutani amefanya vizuri zaidi.

Nafikiria kaye zetu za likelemba. Katibu anasoma majina, na asiyejua kusoma anabaki kuamini tu. Je, kila mama akichagua alama yake, jembe, samaki, ufunguo, ikachorwa kando ya jina lake? Ataona mwenyewe kama mchango wake umeandikwa. Chagueni vitu visivyofanana: chungu na ndoo vikichorwa vidogo vinachanganyika. Mistari iwe minene na michache, bila mapambo. Na jina lisiachwe kamwe, kwa sababu jicho likilizoea karibu na samaki, siku moja litalitambua hata samaki asipokuwepo. Ndivyo watoto wangu wa mwaka wa kwanza wanavyoanza.

Kuchora tuwaachie watoto, siku ya posho mchana, maana mkono wao hauna woga. Mimi nimekwisha kuchagua kinu, mwingine asikichukue.