Chokaa Nyumba Nzima, Si Sebule Peke Yake



Familia nyingi za parokia zetu, kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi, hupaka nyumba rangi sikukuu zinapokaribia. Mara nyingi fedha yote huishia sebuleni: rangi ya mafuta, ya buluu au ya kijani, ili mgeni asifu. Jiko na chumba wanamolala watoto hubaki udongo mtupu. Maoni yetu sisi wauguzi ni haya: afadhali chokaa nyeupe, au rangi ya maji iliyo hafifu, nyumba nzima, kuliko rangi ya fahari chumba kimoja.

Kwanza, ukuta mweupe hauna siri. Mbu wa malaria akishakunywa damu hutua ukutani kupumzika; hapo utamwona. Kunguni nao huonekana. Jikoni, masizi yakijaa ukutani, mama ajue kwamba moshi huohuo unaingia katika mapafu yake na ya mtoto aliyembeba mgongoni, na kwamba moshi huchangia nimonia kwa watoto wadogo. Basi dirisha liongezwe. Wapo wanaosema, "Nyeupe huchafuka upesi." La hasha! Uchafu ulikuwapo, rangi nzito iliuficha tu.

Pili, kazi ya kupaka hutulazimisha kuziba nyufa. Papasi hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na usiku hutoka kuuma. Huambukiza homa inayokwisha na kurudi tena, ambayo yaweza kuharibu mimba ya mama mjamzito. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi wa nchi yetu, akaviona vijidudu vya homa hiyo hata ndani ya mayai yao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; sisi twaongeza kwamba utauguza pia.

Tatu, chokaa huruhusu unyevu kutoka ukutani, lakini rangi ya mafuta huufungia ndani. Waliopatwa na mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 hawahitaji kuelezwa harufu ya ukuta mbichi. Ukungu unaoota hapo huwasumbua wenye pumu. Ukuta ukauke kwanza, ndipo upakwe.

Tahadhari ni muhimu. Chokaa huunguza macho na ngozi: watoto wakae mbali, na ikiingia jichoni, lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Rangi ya mafuta ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake laweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Tusidanganyane: chokaa si dawa ya mbu. Chandarua ni lazima kila usiku, na mwenye homa aende kupimwa damu. Lakini kinga ni bora kuliko tiba, na mfuko wa chokaa hauwashindi wengi wetu.

Mgeni hukaa sebuleni saa moja; mtoto hulala chumbani usiku kucha. Sikukuu ijayo, tuanze na chumba cha mtoto.