Konzo: msimdanganye mgonjwa, mpeni tumaini la kweli

Mitihani imetubana hapa chuo, ila hili nimeona nisilale nalo.

Kuna ugonjwa wa neva unaitwa konzo. Wengi hawajawahi kuusikia, japo mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwakumba watu Mbinga na Mtwara, na kabla ya hapo Tarime mwaka 1985. Mtu, mara nyingi mtoto au mama kijana, jana alikuwa mzima, leo miguu yote miwili imekakamaa. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Chanzo ni sianidi, sumu ya mhogo mchungu usioandaliwa vizuri, ukiliwa wiki nyingi mfululizo bila kitoweo cha maana. Ndiyo maana hufumuka wakati wa ukame: mhogo unazidi sumu, na njaa haisubiri makopa yakauke.

Sasa mgonjwa akishaambiwa ana konzo, nyumbani yanaanza maneno. Mmoja anasema karogwa. Mwingine anaogopa kuambukizwa. Wa tatu, kwa upendo tu, anamwambia "utapona, utakimbia tena". Mi nasema huyu wa tatu naye anaumiza, tena bila kujua. Miguu ya konzo hairudi kama zamani. Mtoto akikaa nyumbani mwaka mzima akisubiri muujiza, shule inampita na moyo unavunjika mara ya pili.

Jamani, ukweli nao una tumaini lake! Konzo si ugonjwa wa kumla mtu taratibu. Unapiga ndani ya siku chache, kisha unasimama. Hauambukizi. Kwa hiyo mwambieni: siku mbaya kuliko zote imeshapita. Kinachofuata ni mazoezi ya viungo, fimbo au magongo, na kwa baadhi upasuaji wa kurefusha kano za visigino ili wakanyage vizuri zaidi. Halafu arudi darasani, arudi sokoni. Akiwa mtu mzima, akumbuke kwamba katika mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani ni ya watu wenye ulemavu. Hiyo si sadaka, ni haki yake.

Ila tumaini hili lina sharti moja: unga ubadilike. Akiendelea na unga ule ule anaweza kupigwa tena na kuzidiwa. Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, alibuni njia rahisi ambayo imeshafundishwa vijijini hapa Tanzania. Loanisha unga wa mhogo, utandaze mwembamba usizidi sentimita 1, uache juani saa 2 au kivulini saa 5. Sumu inatoka na hewa. Pika ugali siku hiyo hiyo. Na mezani pawe na kitoweo: ziwani kuna usipa, milimani kuna maharage.

Mwisho, mama aliyepika ule ugali asibebeshwe lawama. Alipika alichokuwa nacho. Jirani mwenye debe la maharage akimpunguzia kidogo, atakuwa amemuuguza mgonjwa kuliko sisi wenye pole nyingi za mdomoni.

Nawasilisha.