Daftari la wiki: Za kupikia au za kulia?

Muuza pilipili sokoni Tukuyu ana swali moja kabla hajakufungia: "Za kupikia au za kulia, baba?" Za kupikia ni zile ndefu za kijani, zenye nyama kidogo, za kupasua na kutupa chunguni. Za kulia ni kichaa, ndogo kama kucha za mtoto, na mbuzi zenye mikunjo, ambazo hutafunwa kando ya sahani, hasa na wanaume wanaotaka waonekane. Waliokuwa mbele yangu juma hili karibu wote walitaka za kulia. Mimi niko upande wa chungu.

*

Rungwe ni nchi ya ndizi, na ndizi ya kupika ni chakula kipole: wanga mwingi, utamu kwa mbali, hupokea chochote utakachoipa. Ndiyo maana pilipili mbichi inaifaa kuliko nyekundu. Nyingi katika nyekundu tunazoziona ni zilezile za kijani zilizoachwa mtini zikaiva. Zikiiva huongeza sukari, lakini hupoteza ile harufu ya jani bichi inayokata uzito wa ndizi na maharage.

Ninavyopika mimi ni hivi. Kitunguu kwenye mafuta kidogo, kikishalegea zinaingia pilipili ndefu mbili zilizopasuliwa katikati, kabla ya nyanya. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta hufika kila pembe ya chungu. Ukisubiri mpaka maji yameingia, ukali utajikusanya mahali pamoja, na mlaji mmoja atakutana nao peke yake. Kisha nyanya, chumvi, ndizi, na maji ya kuzifunika. Zikikaribia kuiva weka juu yake pilipili mbuzi moja nzima, na kikonyo chake, halafu ufunike. Hii haipasuliwi. Kazi yake ni harufu, na harufu hukimbia na mvuke. Ukiitia mwanzoni itakuwa imeshaondoka wakati wa kupakua. Itolewe kwanza kabla ya chochote, na atakayeivunja kwa mwiko asilaumu mtu.

Wapo wanaomalizia kwa maziwa, na katika wilaya yenye ng'ombe wa maziwa kama hii hilo halishangazi. Hapo nyanya ziwe chache na ndimu isiguse chungu kabisa, la sivyo maziwa yatakatika.

*

Tukiwa kwenye maziwa: anayewashwa asikimbilie maji. Kinachowasha ni kapsaisini, nayo haichanganyiki na maji, kwa hiyo maji huizungusha tu mdomoni. Mtindi huichukua. Mikono nayo ni vivyo hivyo: mafuta ya kula kwanza, sabuni baadaye, na macho yasiguswe.

Watu hukwangua mbegu wakidhani ndizo kali. Ukali umekaa kwenye utando mweupe ulioshika mbegu. Mbegu zinaupata kwa kugusana nao. Kwa nini tuhisi moto mahali pasipo na moto, alilieleza David Julius wa Marekani, ambaye mwaka 2021 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba. Alionyesha kwamba kapsaisini hushika mlango uleule wa neva unaofunguliwa na joto kali. Ulimi haudanganyi, unaripoti ulichoambiwa.

*

Kuna utetezi mmoja wa pilipili ya kando ambao siwezi kuupuuza. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake Good Company mwaka 1951, aliandika sana juu ya ukwangala, yaani ile raha ya kukaa na wenzako, kula pamoja na kuzungumza pamoja. Watu wakila sahani moja, mpishi hana haki ya kuamua ukali kwa niaba ya wote. Mzee mwenye meno mawili na kijana wa bodaboda wanachota mahali pamoja. Bakuli la pilipili pembeni ni adabu, basi. Ninachokataa ni kulifanya bakuli hilo kisingizio cha chungu kisicho na ladha.

Na bakuli lenyewe lifanyiwe kazi. Choma pilipili za kijani juu ya makaa mpaka ngozi ipate madoa meusi, twanga na chumvi na kitunguu saumu, kamulia ndimu. Ukiponda na parachichi (Rungwe yamejaa, na si yote ya kusafirishwa nje), umepata kitu cha kulia mihogo ya kuchemsha. Ile chupa ya maji mekundu kwenye vibanda vya chips nisiulizwe.

*

Jirani amekatazwa pilipili na nduguze kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Aliye na kidonda tayari anaweza kweli kuumizwa nayo, na ushauri wa kumpumzisha una mantiki. Lakini kusema pilipili ndiyo iliyomletea ni jambo jingine. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria, ambao wanatibika kwa dawa. Aende akapimwe. Pilipili imebeba lawama nyingi zisizo zake.

*

Mvua ya huku, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, si rafiki wa mpilipili. Mizizi ikisimama kwenye maji huoza, kwa hiyo wenye busara hupanda kwenye matuta. Kichaa hujiotea chini ya miti bila kupandwa na mtu: ndege hawauhisi ukali wake, humeza tunda na kuangusha mbegu wanapotua. Mmea huu ulitoka Amerika, ukavuka bahari baada ya safari za Columbus, pamoja na mahindi, maharage na hayo maparachichi. Tukiviondoa vyote hivyo kwa kutafuta chakula cha asili, tutabaki tumeikodolea macho ndizi, ambayo nayo asili yake ni Asia.

*

Usipa kutoka Kyela wamefika sokoni, wakavu, wazuri. Wengi huwazamisha kwenye nyanya. Mimi nawaosha kwa maji ya moto, nawakausha, nawakaanga mpaka wakakamae, kisha kitunguu, pilipili ndefu za kijani zilizokatwakatwa bila ubahili, na ndimu baada ya kuepua. Nyanya hapana. Ugali uwe tayari pembeni, na dirisha lifunguliwe kabla pilipili hazijagusa mafuta, maana moshi wake hukohoza nyumba nzima, pamoja na aliyesema leo hali.