Kabla ya Kuufunga Mji, Hesabu Ikamilike

Machi 16, 2020, timu ya Neil Ferguson wa Imperial College, London, ilikadiria kuwa bila hatua yoyote corona ingeua watu 510,000 Uingereza na milioni 2.2 Marekani. Aprili, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika ikataja vifo kati ya 300,000 na milioni 3.3 barani mwetu. Katikati ya matangazo hayo, Machi 24, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo alitangaza hali ya dharura na kufunga mipaka. Rwanda ilikuwa imeshafunga upande wake. Petite Barrière, njia ya mpakani iliyokuwa ikipitisha makumi ya maelfu ya watu kila siku kati ya Goma na Gisenyi, ikabaki tupu.

Mwaka ukaisha na vifo vilivyoripotiwa Afrika vikiwa kama 65,000. Wapo wanaosema wataalamu walitudanganya. Hawawatendei haki. Makadirio ya juu yalihusu dunia iliyokaa bila kufanya lolote, na kwetu wengi hufia nyumbani bila kupimwa. Kosa lilikuwa kwingine: hesabu iliyojibu swali moja ilipewa kazi ya kujibu yote.

Amri ya kukaa ndani au ya kufunga mpaka humfaa mwenye mshahara, akiba na bomba la maji. Mama anayevusha nyanya hadi Gisenyi hula alichouza leo; msukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha mizigo, vilevile. Njaa yao haikuwamo katika hesabu ya virusi. Pia zaidi ya nusu ya Wakongomani ni watoto na vijana, ilhali corona iliwaua zaidi wazee.

Goma ilikuwa na somo lake tayari. Julai 14, 2019, mgonjwa wa Ebola aligunduliwa hapa, baada ya kusafiri kwa basi kutoka Butembo. Mji haukufungwa. Abiria wenzake walitafutwa, waliokutana nao wakafuatiliwa, chanjo ikatolewa, ndoo za maji ya klorini zikaenea mitaani. Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kufunga mipaka. Rwanda ilipofunga mpaka wake Agosti 1, iliufungua baada ya saa chache. Goma iliishia na wagonjwa wanne.

Ni kweli, corona si Ebola. Huambukizwa kwa hewa, hata na asiyeonyesha dalili, hivyo kufuatilia kila mtu kungeshindikana. Kuahirisha mikusanyiko na kuwakinga wazee kulikuwa na maana. Kumkatia mchuuzi riziki bila kumpa chakula ni jambo jingine.

Tukumbuke na surua. Mlipuko wa Kongo wa 2019 na 2020 uliua zaidi ya watu 7,000, wengi wao watoto wadogo, idadi kubwa kuliko ya Ebola ya mashariki iliyoua 2,287. Hakuna rais aliyefunga mpaka kwa ajili yake. Ilihitaji chanjo, na chanjo ndiyo huyumba serikali inapoelekeza nguvu zote kwa ugonjwa mmoja.

Makadirio tuyasikilize, kwani bila hayo tunatembea gizani. Ila anayetaka kuufunga mji aseme kwanza hesabu yake imedhani nini kuhusu umri wetu, kipato chetu na magonjwa yetu mengine, na atangaze mgao wa chakula siku ileile anayotangaza amri. Asiyeweza hayo hana haki ya kufunga mpaka wa Goma.