Hakuna Mkenya Nusu

Hebu jibu haraka: ukitajiwa Safari Rally, ni dereva gani Mkenya anakujia akilini? Nikiuliza swali hili stejini kwa watu wa boda hapa Nunguni, jibu ni moja: Patrick Njiru. Na Joginder Singh je? "Yule Kalasinga." Shekhar Mehta? "Si huyo ni Mhindi." Ian Duncan? "Ah, mzungu huyo." Tukimaliza kuhesabu, Mkenya amebaki mmoja.

Nimechoka na lugha hii.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alishinda Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976, na ile ya kwanza aliishinda kwa Volvo iliyokwishatumika. Babu yangu alikuwa akishuka milima ya Kilungu hadi Salama, kwenye barabara ya Mombasa, kungoja magari hayo yapite. Akisimulia, hasemi Kalasinga. Anasema "Joginder wetu". Mzee hakusoma sana, lakini hapo anatushinda sisi wenye bando.

Mehta ndiye ananiuma zaidi. Alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Pasaka iliyofuata, 1973, Mehta akashinda Safari, kumbukumbu za mbio zikaandika Kenya kando ya jina lake. Akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Sasa fikiria: lile neno lililowatoa watu Kampala ndilo sisi tunamrushia, tukiwa tumekaa kwa keja tunakunywa chai.

Mwaka 1994 Duncan alishinda, Njiru akamaliza wa nne. Wakenya wawili katika nne bora! Lakini tunavyoongea, utadhani tulikuwa na mmoja.

FIA, wasimamizi wa mchezo huu duniani, wana kanuni rahisi: katika ubingwa wa dunia, dereva hutambulishwa kwa uraia wa pasipoti yake, hata kama leseni yake imetolewa na nchi nyingine. Elfyn Evans ni Mwelsi, lakini kwenye orodha bendera yake ni ya Uingereza. Karan Patel, bingwa wa Afrika 2022 na 2023, bendera yake ni ya Kenya. Hakuna mahali pa kujaza "Mkenya lakini". Hiyo "lakini" tunaiongeza sisi wenyewe.

Najua utaniambia: "Buda, hao walikuwa na pesa. Mtoto wa Kilungu ataendesha nini, punda?" Ni kweli, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, kwa hivyo sihitaji kuelezwa mlango uliofungwa unafanana vipi. Mlango wa mbio hizi umefungwa kwa bei: gari, magurudumu, mafundi, leseni, mafuta ya mazoezi. Ukisema "huo ni mchezo wa Wahindi", umefunga mjadala kabla haujaanza. Huulizi wadhamini wanamtafuta nani. Huulizi pesa za umma, zilizosaidia kuirudisha Safari kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, zinamfungulia kijana wa kijijini mlango gani. Unamlaumu Patel kwa jina lake, na mwenye kushika mfuko anaenda zake akipiga mluzi.

Kuna Wahindi wengi nchi hii ambao hawawezi kununua hata bampa ya gari la mbio. Rangi haijawahi kulipia tairi.

Safari ijayo, ukiwa Naivasha umefunikwa na vumbi au umekodolea simu macho, dereva wetu akipita sema tu "Mkenya", halafu nyamaza. Hasira yako iweke kwa ile bei, na uwaulize wenye mfuko kwa sauti.