Sifa za Vyombo Vipya na Jasho la Mfanyakazi



Wazee wetu walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Maneno hayo twayakumbuka kila tunaposikia chombo kipya kikisifiwa redioni, magazetini na katika simu zetu. Siku hizi tunaambiwa kwamba zimekuja mashine zenye akili, nazo zitaandika barua, zitatibu wagonjwa na kufanya kazi ya mtu bila ya mtu. Asiyekimbilia kununua huitwa mtu wa zamani.

Sisi hatupingi mashine. Hakuna hata mmoja wetu atakaye kubeba gunia mgongoni iwapo gari lipo. Lakini mfanyakazi mwenye mshahara mdogo hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa yake au kutia sahihi yake.

Swali la kwanza: nikilipa, chombo kitakuwa changu? Tazameni jambo lililotokea Marekani. Kampuni iitwayo Humane ilitengeneza kidude cha kubandika kifuani, kikaanza kupelekwa kwa wanunuzi mwezi wa Aprili 2024. Kilisifiwa kwamba kingejibu maswali na kumpunguzia mtu haja ya kushika simu. Bei yake ilikuwa dola 699, na juu yake dola 24 kila mwezi. Haukupita mwaka mmoja, kampuni ikauza sehemu kubwa ya mali yake kwa HP kwa dola milioni 116, na tarehe 28 Februari 2025 vidude vyote vikakatwa mawasiliano. Kampuni ilisema itawarudishia pesa wale tu waliopelekewa vyao katika siku 90 za mwisho. Jembe ulilolinunua ni lako hata duka likifungwa. Kidude hiki kilikufa vifuani mwa watu siku mwenye duka alipoondoka.

Swali la pili: kama ni cha bure, nani analipa? Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2023, maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi, wengi wao penye jengo la KICC, ili wapigwe picha ya mboni ya jicho kwa chombo cha mviringo cha Worldcoin. Kila mmoja aliahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Hatuwacheki ndugu zetu hao. Mtu asiye na unga nyumbani akisikia shilingi elfu saba, atakwenda. Lakini jicho si kama kipande cha kitambulisho, ambacho kikipotea huenda ofisini ukaomba kingine. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti 2023, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile za miili ya watu zifutwe. Hivyo kilichoitwa zawadi kilikuwa bei, na aliyelipwa ndiye aliyeuza.

Swali la tatu ndilo letu hasa: kazi inafanywa na nani? Mashine iitwayo ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, dunia nzima ilishangaa jinsi inavyozungumza kama mtu. Kampuni yake, OpenAI, ina mwanzilishi mmoja na ile Worldcoin, naye ni Sam Altman. Mwezi wa Januari 2023 jarida la TIME likaeleza kwamba vijana hapa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kandarasi ya OpenAI, walikuwa wakisoma maandishi ya mauaji, mateso na unajisi wa watoto, wakiyatia alama ili mashine ijifunze kuyakataa. Kandarasi ilitaja dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alipata mkononi kati ya dola 1.32 na dola 2. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwajeruhi moyoni. Basi tukiambiwa kwamba mashine inafanya kazi bila ya mtu, tujue kwamba mtu yupo, ila amefichwa.

Kwa hiyo mfanyakazi hukutana na sifa hizi mara mbili: mara ya kwanza kama mnunuzi, mara ya pili kama mwenye kuitoa kazi yenyewe kwa ujira mdogo. Mahali pote pawili hupata hasara asipouliza.

Yatupasa kufanya nini? Kila tawi, mwajiri akileta mashine mpya, lidai maelezo kabla haijawashwa: nani atapoteza kazi, nani atafundishwa, na faida itagawanywa vipi. Majibu yaandikwe katika mkataba wa pamoja, si kutamkwa mlangoni. Akitaka alama za vidole au picha za nyuso, mkumbusheni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zitatumiwa kwa kazi gani.

Tena tusidhani kwamba wanaofanya kazi mbele ya kompyuta si wenzetu. Tarehe 1 Mei 2023, siku ya wafanyakazi, zaidi ya watu 150 wa kazi hiyo ya kuchuja maandishi na picha walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Walijua kwamba mmoja mmoja hawatasikilizwa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chombo kikija kwa ngoma na vigelegele, ngojeni kwanza, ulizeni, kisha mwamue pamoja.